Kununua Mnadani: Namna ya Kupata Bei Njema Usiyoitarajia Bila Kununua kwa Pupa

Magazetini, kwenye mbao za matangazo za halmashauri na siku hizi kwenye kurasa za mitandaoni za madalali, hutokea mara kwa mara tangazo lenye kichwa kile kile cha "Mnada wa Hadhara". Chini yake huorodheshwa magari chakavu ya taasisi fulani, samani za ofisi, majokofu, kompyuta, jenereta, na pengine shehena ya bidhaa zilizokaa bandarini bila mwenyewe kujitokeza. Wengi hulipita tangazo hilo wakiamini kwamba minada ni ya wafanyabiashara wakubwa na ya watu wanaojuana. Kati ya wachache wanaokwenda, wapo wanaorudi na meza ya mninga kwa bei ya kiti cha plastiki, na wapo wanaorudi na jokofu lisilopoza ambalo hawakuwa na haja nalo tangu mwanzo. Wote walisimama uwanja mmoja na kumsikiliza dalali mmoja, lakini wa kwanza alikuwa ameiona meza ile siku moja kabla, akaigeuza chini juu na kuandika bei yake daftarini, ilhali wa pili aliliona jokofu kwa mara ya kwanza pale lilipotajwa kwenye kipaza sauti. Maelekezo yanayofuata yanahusu namna ya kuwa yule wa kwanza, hata kwa vitu ambavyo hukutoka nyumbani kwa ajili yake.

Ujue kwanza unaingia mnada wa nani

Minada haifanani. Mnada wa mali chakavu za serikali, kwa upande wa Tanzania, huwa na masharti yanayorudiwa karibu neno kwa neno kila unapotangazwa: mali zinauzwa kama zilivyo na mahali zilipo, mnunuzi hulipa papo hapo amana isiyopungua asilimia 25 ya bei aliyoshindia, malipo yaliyobaki hukamilishwa kwa kawaida ndani ya siku 14, na atakayeshindwa hupoteza haki ya kununua na amana yake hairudishwi. Sharti hilo la mwisho lisomwe mara mbili, kwa sababu ndilo linaloifanya hamaki ya dakika moja iwe hasara ya kweli. Gari lililogongewa nyundo, yaani lililotangazwa na dalali kuwa limeuzwa, kwa shilingi 8,000,000 linakudai shilingi 2,000,000 kabla hujaondoka uwanjani, na fedha hizo hazirudi hata kama asubuhi yake umeamka na mawazo mengine.

Mnada wa mahakama huendeshwa na dalali wa mahakama kwa amri ya kukaza hukumu, na vitu vinavyouzwa ni vya mdaiwa aliyeshindwa kulipa. Kwa mali zinazohamishika fedha hutakiwa pale pale au kwa muda mfupi utakaoelekezwa na msimamizi wa mnada, na usipolipa, kitu hurudishwa kuuzwa upya. Hapa ningependa mnunuzi awe na jicho la haki pia. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania inavikinga baadhi ya vitu visikamatwe kwa ajili ya deni: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, pamoja na zana za kazi za fundi. Ukiona cherehani ya fundi nguo au vitanda vya familia vimepangwa mnadani, uliza vimefikaje hapo kabla ya kutaja bei, kwa kuwa kitu kilichokamatwa kimakosa kinaweza kukuletea mgogoro, na kwa kuwa bei rahisi inayotokana na uonevu si ya kushangilia.

Minada ya forodha ina ratiba yake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humpa mwenye mzigo siku 21 za kuutolea nyaraka za forodha. Mzigo ukipitiliza, hupelekwa kwenye ghala la forodha. Usipoondolewa ndani ya siku 30, hutangazwa. Na zikipita siku 30 nyingine tangu tangazo, huhesabiwa kuwa umetelekezwa na unaweza kupigwa mnada. Ratiba hiyo inakueleza jambo kuhusu bidhaa yenyewe: imekaa miezi kadhaa, pengine ndani ya kontena lililopigwa na jua la pwani. Vigae, vioo, mabomba na vyuma havidhuriki sana kwa kukaa hivyo. Vipodozi, betri, rangi za kupaka, gundi na chochote chenye tarehe ya mwisho wa matumizi vinadhurika, na bei yake hata ikishuka vipi haivirudishii ubora.

Kisha kuna minada ya wiki, kama ule wa Msalato nje kidogo ya mji wa Dodoma, ambako pembeni ya mifugo na nyama choma hupangwa vyombo, nguo za mitumba, mablanketi na zana za shamba. Katika minada ya aina hii muuzaji wa vyombo mara nyingi huanza juu na kushuka: elfu ishirini, elfu kumi na tano, elfu kumi na mbili, hadi mtu wa kwanza atakapoinua mkono. Ndiyo njia inayotumika pia kwenye minada mikubwa ya maua ya Uholanzi, ambako waridi za Naivasha huuzwa kwa saa ya bei inayoshuka. Kwenye bei inayoshuka, pupa haitokani na hamu ya kumshinda aliyetaja bei kabla yako. Inatokana na hofu ya kutanguliwa. Dawa yake ni kuangalia nyuma ya muuzaji. Kama kwenye gari lake kuna sufuria nyingine nyingi za namna ile ile, bei uliyoikosa sasa itapita tena muda si mrefu, na huna sababu ya kuinua mkono kwenye elfu kumi na tano.

Kwa mnada wa samaki kama ule wa soko la Feri, Dar es Salaam, neno langu ni fupi: usinunue fungu kubwa kwa sababu limeshuka bei ikiwa hukuja na kasha la barafu na watu wa kugawana nao. Angalia mashavu yawe mekundu na macho yawe maangavu, halafu hesabu muda wa kufika nyumbani pamoja na foleni.

Katika mnada wowote wa hadhara, hakikisha dalali ana leseni. Tanzania ina Sheria ya Madalali, Sura ya 227, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 1996 iliyounda bodi ya kutoa leseni kwa madalali. Tangazo halali hutaja jina la dalali, mahali, tarehe na saa ya mnada, pamoja na siku za kuangalia mali. Tangazo linalokutaka utume "fedha ya kushikilia gari" kwenye namba ya simu ya mtu binafsi kabla hujaona kitu ni la kitapeli, hata likiwa na nembo nzuri kiasi gani.

Siku ya kuangalia mali

Matangazo mengi hutoa siku moja au mbili za kuangalia mali kabla ya mnada, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku ya kununua. Siku ya nyundo ni ya kulipa tu. Nenda asubuhi, vaa nguo za kazi, uwe na kurunzi, bisibisi, kitambaa, futi ya kupimia na daftari. Ikiwa unakusudia gari au mashine, mlipe fundi unayemwamini ujira wa nusu siku aende nawe. Ujira huo utauona mkubwa hadi siku atakapokuzuia kununua injini iliyopasuka.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi ni kuzunguka loti zote, yaani mafungu yenye namba yanayouzwa moja moja, pamoja na zile zisizowahusu. Aliyekuja kwa gari hutazama magari, akachukua picha, akaondoka. Wewe tembea hadi mwisho wa ua, hadi kwenye marundo yaliyofunikwa turubai, kwa sababu bei njema usiyoitarajia hutoka kwenye kitu ambacho wengine hawakukitazama. Kila kilichokuvutia kiandike namba ya loti, kasoro ulizoziona na bei ya juu utakayolipa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mnadani hupotea kabla hata hujaimiliki.

Nitakaa kidogo kwenye samani, kwa kuwa hapo ndipo thamani hujificha mara nyingi zaidi. Ofisi za umma, shule na hospitali za zamani zilipewa meza, makabati na rafu za mbao ngumu za kwetu: mninga, mvule, mkongo, na msaji uliopandwa. Miaka imezipaka vanishi juu ya vanishi hadi zikawa nyeusi, vishikio vimepotea, mguu mmoja umelegea, na msimamizi wa stoo ameziorodhesha pamoja na viti vya plastiki vilivyovunjika kuwa loti moja ya "samani chakavu". Anayeziangalia kwa mbali huona kuni. Mkaribie mtu anayejua, utamwona akifanya hivi: anavuta mtoto wa meza, anautoa kabisa na kuugeuza, kwa sababu upande wa chini haukupakwa vanishi na hapo mbao husema ukweli. Mninga huonyesha rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, yenye mistari myeusi zaidi ndani yake. Plaiwudi huonyesha tabaka kwenye ukingo, na mbao za vumbi lililogandishwa huonyesha chembechembe zilizovimba pale maji yalipogusa. Kisha anatazama pembe za mtoto wa meza: kama mbao zimeingiliana kwa meno yaliyochongwa, basi seremala aliyeifanya alikuwa fundi wa kweli, na kama zimepigiliwa misumari, bado inaweza kuwa mbao nzuri lakini kazi ni ya kawaida. Anainua upande mmoja kupima uzito. Mwisho anachuchumaa na kuchoma ncha ya bisibisi kwenye nyayo za miguu, mahali palipokuwa pakigusa sakafu yenye unyevu. Ikizama kirahisi, au ukidondoka unga laini kama poda, mchwa au wadudu wanaotoboa mbao wameshaingia, na loti hiyo iachwe.

Vanishi iliyokuwa nyeusi, mikwaruzo, madoa ya wino na vishikio vilivyopotea hupunguza bei sana kuliko vinavyopunguza thamani, kwa kuwa seremala mwenye msasa na gundi huvimaliza kwa siku mbili. Ubao wa juu uliopinda ni kasoro ya kweli. Pima pia kwa futi: meza ya mkurugenzi wa zamani inaweza isipite mlangoni kwako.

Jokofu na friza vikaguliwe kwa pua, mkono na karatasi. Nusa karibu na kompresa; harufu ya kuungua haihitaji maelezo. Weka karatasi kwenye ukingo wa mlango, ufunge, uivute: ikitoka bila ukinzani, mpira wa mlango umekufa, na mpira hubadilishwa kwa gharama inayojulikana. Uliza kama kuna umeme wa kujaribia. Wakikataa, hesabu kwamba kompresa ni mbovu na uweke bei ya kitu chenye kompresa mbovu. Kwa jenereta, vuta kamba taratibu usikie kama injini inakataa kwa nguvu, maana ikizunguka kwa ulaini ina maana mgandamizo umeisha. Kisha chomoa kijiti cha oili, na oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Kompyuta za ofisi mara nyingi huuzwa zikiwa zimetolewa diski, jambo ambalo ni sahihi kwa usalama wa taarifa, ila lazima lionekane katika bei yako. Simu ipigwe *#06# ili namba yake ya utambulisho ionekane, na kwa Tanzania namba hiyo hutumwa kwa ujumbe kwenda 15090 kuthibitisha uhalali wake.

Magari yana mengi, na fundi wako atakuambia mengi kuliko mimi. Niongeze matatu tu ambayo fundi huenda asiyataje. La kwanza ni matairi: tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho katika msimbo wa kiwandani, ambapo 2318 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2018, na usidanganyike na kina cha kashata kwa tairi lililozeeka juani. La pili ni vitu vilivyochomolewa wakati gari limeegeshwa: betri, redio, kisanduku cha kompyuta ya injini, tairi la akiba. La tatu ni namba. Gari la serikali lenye namba za ST, au la shirika la umma lenye SU, husajiliwa upya kwa namba za binafsi baada ya kuuzwa, kwa hiyo herufi zake mpya hazielezi umri wake. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na usimwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Bei ya kikomo huandikwa kabla ya kelele

Mwaka 1983, watafiti wawili wa Marekani, Max Bazerman na William Samuelson, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa biashara. Waliwaonyesha mitungi yenye sarafu au vitu vingine vidogo, kila mmoja ukiwa na thamani ya dola 8, wakawataka wakadirie thamani na pia washindane kuununua. Makadirio ya wastani yalikuwa dola 5.13, yaani kundi zima lilikuwa na tahadhari kupita kiasi. Hata hivyo, bei iliyoshinda ilikuwa kwa wastani dola 10.01. Aliyeshinda alipata hasara, kwa sababu anayeshinda mnada wa kitu chenye thamani isiyojulikana ni yule aliyekikadiria juu kuliko wote. Wahandisi wa mafuta wa Marekani walikwisha kuliandika jambo hilo mwaka 1971 kuhusu minada ya vitalu vya Ghuba ya Meksiko, na wanauchumi huliita laana ya mshindi. Somo lake kwa mnunuzi wa jenereta ni hili: kadiri kitu kinavyokuwa na siri nyingi, na kadiri watu wanaokigombania wanavyokuwa wengi, ndivyo unavyopaswa kushusha kikomo chako, ingawa moyo utakutaka ukipandishe.

Kikomo hupatikana kwa hesabu ya kurudi nyuma. Tuseme jenereta iliyotumika ya ukubwa ule, ikiwa nzima, inauzwa mtaani kwa shilingi 900,000. Ondoa 150,000 za fundi na vipuri, 40,000 za kirikuu (gari dogo la mizigo) na wapakiaji, na 100,000 za kasoro usizoweza kuziona. Zimebaki 610,000. Kwa kuwa hukuja mnadani kulipa bei ile ile ya mtaani kwa kitu kisicho na dhamana, toa tena kiasi kinachostahili usumbufu wako, ukomee 500,000. Sasa rudi kwenye tangazo: kama linasema bei haijumuishi VAT, ambayo Tanzania Bara kwa kawaida ni asilimia 18, basi bei unayoweza kutaja kwa mdomo ni kama 420,000, kwa sababu ukishaongeza kodi hiyo itafika 495,600. Watu wengi waliochoma fedha zao mnadani hawakukosea thamani ya kitu. Walisahau hesabu hii ya mwisho, au walisahau kwamba ua wa mnada uko mbali na mwenye gari la kubebea hupandisha bei akiona huna njia nyingine.

Andika namba hiyo kwa kalamu. Ukienda na mwenzi, ndugu au rafiki, mpe yeye daftari, na mkubaliane mapema kwamba akikugusa bega unashusha mkono bila mjadala.

Uwanjani

Simama pembeni, mahali unapowaona wanunuzi wengine usoni, na usitaje bei kwenye loti za mwanzo hata kama zinakuvutia. Tumia muda huo kumsoma dalali: anapanda kwa elfu ngapi, anahesabu "mara ya kwanza, mara ya pili" kwa kasi gani, na anakubali kupandishiwa kwa kiasi kidogo au la. Wasome pia wafanyabiashara wa vitu chakavu, ambao hutambulika kwa kuwa wanasalimiana na hawaonyeshi furaha. Hao wanajua bei ya kuuzia, na wanapoacha, wameacha kwa sababu faida yao imekwisha. Mahali walipoachia ni taarifa ya bure. Anayenunua kwa matumizi yake anaweza kupita kidogo hapo na bado akawa amefanya vizuri, kwa kuwa yeye hahitaji faida ya kuuza tena. Lakini ukijikuta mmebaki wawili, nyote watu wa kawaida, na wafanyabiashara wamenyamaza hatua tano zilizopita, nyote wawili mmekwisha kukipita kitu na sasa mnashindana ninyi kwa ninyi.

Wapo pia watu wa kupandisha bei. Mtu anayetaja bei kwa kila aina ya loti, kwa haraka, na ambaye humwoni hata mara moja akielekea kwenye meza ya malipo, si mnunuzi. Huna namna ya kumthibitisha papo hapo, wala si kazi yako kugombana naye. Kikomo chako kilichoandikwa ndicho kinga yako. Mwingine wa kuepukwa ni yule anayekunong'oneza kwamba ukimwachia loti fulani atakuuzia nje kwa cha juu kidogo. Makubaliano ya kutoshindana humpunja mwenye mali, na katika mnada wa mahakama mwenye mali huyo ni mtu anayehitaji kila shilingi ili deni lake liishe.

Loti za mwisho zipewe uvumilivu. Kufikia alasiri, wengi wametumia fedha zao, wengine wameondoka na magari yao, jua limechosha watu, na dalali anataka kumaliza. Rundo la samani ambalo asubuhi lingegombaniwa na watu sita, alasiri hugombaniwa na wawili.

Kitu ambacho hukukijia

Sisemi usinunue kitu ambacho hukukusudia. Nusu ya raha ya mnada, na sehemu kubwa ya bei zake njema, imo humo, na mtu anayekwenda na orodha ngumu ya kitu kimoja hurudi mikono mitupu akiwa ameviacha vitu vizuri vimepita. Ninachosisitiza ni kwamba ununuzi huo utengewe fungu lake, lisilogusa fedha za kitu ulichokijia wala ada ya shule, na fungu likiisha, limeisha. Ndani ya fungu hilo, nunua kile tu ulichokigusa kwa mkono wako siku ya kuangalia, kinachoweza kuondoka uwanjani leo, na ambacho unaweza kutaja bila kusita kitakaa wapi na nani atakitumia. Jibu la "kitapata kazi tu" halitoshi.

Vitu vinavyostahili ununuzi wa namna hii ni vile visivyozeeka haraka na vyenye vipuri au soko: jiliwa za karakana, nyundo na patasi za chuma kizuri, mizani, rafu za chuma, mabati, mbao zilizokauka, vyungu vya chuma, cherehani za zamani za chuma kizito. Cherehani izungushe gurudumu kwa mkono kuelekea kwako; sindano ishuke na kupanda bila kukwama na bila kuyumba, na kama imeganda kwa mafuta yaliyokauka tu, fundi ataiamsha. Usinunue kwa ghafla vifaa vyenye nywila ambayo hakuna aliyepo anayeijua, betri za sola zisizopimwa, mitungi ya gesi isiyo na historia, helmeti za pikipiki, wala viti vya gari vya watoto, kwa sababu hivyo vya mwisho hubeba uhai wa mtu na mpasuko wake hauonekani kwa nje.

Loti ya mchanganyiko ina mtego wake. Unataka mizani moja, lakini imefungwa pamoja na feni kumi na moja zilizokufa na makabati yaliyoliwa na kutu. Weka thamani ya loti nzima kwa ile mizani peke yake, kisha utoe gharama ya kuyaondoa mengine, hata kama mnunuzi wa vyuma chakavu atakulipa kwa kilo. Ukianza kuzipa feni zile thamani ya "huenda moja ikafanya kazi", umekwisha kununua rundo.

Nyumba na kiwanja havimo katika fungu hili, hata bei ikiwa ya kuvutia namna gani. Tanzania hutaka ardhi itangazwe siku 14 kabla ya kuuzwa mnadani, na katika mauzo ya mahakama mnunuzi huweka asilimia 25 mara tu anaposhinda na kumaliza ndani ya siku 15. Siku hizo za tangazo ni za kwenda kuona wanaoishi humo, kupekua hati katika ofisi ya ardhi na kumwona wakili. Asiyezitumia asiinue mkono.

Nyundo ikishagongwa

Nenda moja kwa moja kwenye meza ya malipo, kabla ya loti inayofuata kukuvutia. Lipa kwa njia iliyotajwa kwenye tangazo. Kwa mali za serikali huwa ni kwa namba ya malipo inayotolewa rasmi, na kwa wengine ni benki au kwa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Risiti ionyeshe namba ya loti, jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na maelezo ya kitu yanayokitofautisha na kingine. Piga picha ya kitu hicho kikiwa pale pale, pamoja na namba zake, kwa kuwa kati ya kulipa na kuondoa vitu vidogo vina tabia ya kupungua, na mhakikishe pamoja na mlinzi wa ua kile kilichopo.

Uliza muda wa kuondoa mali na gharama ya kuihifadhi ukichelewa. Friza lisafirishwe likiwa limesimama, na kama lililazwa, liache saa kadhaa kabla ya kuliwasha ili oili irudi kwenye kompresa. Samani zikae nje juani na kukaguliwa tena kabla ya kuingia chumba chenye samani nyingine, maana mchwa na kunguni hawasomi risiti. Kompyuta isitumiwe kwa mambo ya benki hadi ifutwe na kuwekewa programu upya.

Kwa gari, usiondoke bila kadi halisi ya usajili au maelezo ya maandishi ya lini utaipata, barua ya taasisi iliyouza, na uthibitisho wa dalali kwamba ulishinda na kulipa, kwa sababu TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, watakuhitaji uwe na nyaraka zinazokamilika kabla ya kuhamisha umiliki, na kama gari liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, kodi hiyo itadaiwa kwako wewe. Zifuatilie nyaraka hizo wiki ile ile, wakati ofisa aliyesaini bado yuko kwenye meza yake na faili la mnada halijapelekwa masjala.